Uvimbe Upi? Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu Kimoja cha Wagonjwa

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari aliniletea kijitabu chembamba kilichofasiriwa kwa Kiswahili ili kigawiwe wagonjwa wenye kasoro ya homoni ya ukuaji. Kaka yake ni mmoja wa wagonjwa hao. Alikuwa amekisoma mara mbili, kisha akamrudishia mdogo wake na swali moja tu: "Dada, hapa wanasema uvimbe upi?" Mwalimu huyo, ambaye kazi yake ya kila siku ni kufundisha Kiswahili, hakuweza kumjibu. Ndipo akaniletea mimi.

Waliokifasiri kijitabu hiki hawana haja ya kutajwa hapa, kwani makala haya hayakusudii kumwaibisha mtu. Tena inafaa kukiri kwamba sarufi yake ni safi, upatanisho wa sentensi ni mzuri, na mfasiri amejitahidi kuepuka maneno ya kigeni pasipo sababu. Kasoro yake imo mahali pengine. Katika ukurasa mmoja neno uvimbe limetumika kwa mambo matatu, neno hatari kwa mambo mawili, na neno mara limeachwa bila mpaka. Makosa ya namna hii si ya mfasiri mmoja. Yamo katika tafsiri zetu nyingi za kitaalamu, na kuyaondoa ni wajibu wa sisi sote tunaoshughulika na istilahi.

Kasoro ipi?

Hebu tuanze na jina la kijitabu chenyewe. Kimeitwa kitabu cha watu wenye "tatizo la homoni ya ukuaji". Neno tatizo ni pana mno. Tuna tatizo la maji, tatizo la fedha, tatizo la macho na tatizo la watoto watoro. Neno hili humwambia msomaji kwamba mambo si shwari, lakini halimwambii yameharibika kwa upande gani. Katika maradhi haya upande ndio kila kitu.

Homoni ya ukuaji hutengenezwa katika tezi ya pituitari, ambayo ukubwa wake ni kama punje ya njegere, nayo imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Homoni hiyo ikiisha kuingia katika damu hulifikia ini, na ini hutoa kikuzaji kingine kinachofanana na insulini kwa umbo, ambacho madaktari hukiandika kwa ufupi IGF-1. Kikuzaji hiki ndicho hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kurefusha mifupa na kuzihimiza chembe hai za mwili zigawanyike. Mpango huu waweza kuharibika kwa njia tatu: homoni yaweza kuzidi, yaweza kupungua, au yaweza kuwapo tele lakini mwili usiiitikie.

Homoni ikizidi kwa mtu mzima, ugonjwa huitwa akromegalia. Jina hili lilitolewa na daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya ncha na jingine lenye maana ya ukubwa. Mikono, miguu, taya, pua na ulimi hukua polepole. Pete iliyokuwa ikivulika haivuliki tena, na viatu vya mwaka juzi havitoshi. Ikizidi kwa mtoto ambaye mifupa yake haijafunga, mtoto huyo hurefuka kupita kiasi, kama ilivyokuwa kwa Robert Wadlow wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1940 akiwa na urefu wa meta 2.72. Ikipungua utotoni, mtoto hubaki mfupi. Na hali ya tatu, ile ya mwili kutoitikia, ilielezwa mwaka 1966 huko Israeli na daktari Zvi Laron pamoja na wenzake, nayo hadi leo hujulikana kwa jina la Laron.

Kwa nini mfasiri asumbuliwe na tofauti hizi? Kwa sababu kuhusu uvimbe na saratani hali hizi hazielekei upande mmoja. Kusini mwa Ecuador wanaishi watu wengi wenye hali ya Laron. Mwaka 2011 daktari Jaime Guevara-Aguirre na mtaalamu Valter Longo pamoja na wenzao walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu 99 kati yao kwa muda wa miaka 22. Saratani ilionekana kwa mtu mmoja tu, na haikumwua. Ugonjwa wa kisukari haukuonekana kabisa. Miongoni mwa jamaa zao wasio na hali hiyo, saratani ilikuwa asilimia 17 na kisukari asilimia 5. Hata hivyo watu hao hawakupata kwa sababu hiyo maisha marefu kuliko jamaa zao, kwani wengi walikufa kwa ajali, ulevi na maradhi ya kifafa. Lakini funzo kwa mfasiri liko wazi. Mtu anapoandika kwamba "wenye tatizo la homoni ya ukuaji wamo katika hatari ya saratani", amewatia katika kapu moja watu ambao uwezekano wao umeongezeka na watu ambao uwezekano wao umepungua sana. Sentensi hiyo ni ya kweli kwa baadhi, na kwa wengine ni kinyume cha kweli.

Napendekeza basi kwamba neno kasoro litumike kama jina la jumla, na chini yake yawepo majina matatu yaliyo wazi: wingi wa homoni ya ukuaji, uhaba wa homoni ya ukuaji, na kutoitikia homoni ya ukuaji. Kijitabu kinachowahusu wagonjwa wa akromegalia kingeitwa kwa jina la kwanza, na msomaji angejua tangu jaladani kwamba habari zile ni zake au si zake.

Neno moja, mambo matatu

Sasa tulifikie swali la yule mgonjwa. Katika ukurasa wa tatu kijitabu kinasema kwamba mgonjwa huwa na uvimbe wa mikono na uso. Aya inayofuata inasema kwamba ugonjwa husababishwa na uvimbe ulio kichwani. Mwisho wa ukurasa huohuo kinaonya kwamba mgonjwa yumo katika hatari ya kupata uvimbe.

Kitenzi vimba kina kazi nyingi katika lugha yetu. Mguu ulioumwa na nyuki huvimba. Maharage yaliyorowekwa huvimba. Shavu la mwenye jino bovu huvimba. Jina uvimbe linalotokana nacho hutaja hali, yaani kule kuvimba kwenyewe, na pia hutaja kitu, yaani donge linaloshikika au linaloonekana kwa mashine. Katika mazungumzo ya kila siku maana hizi mbili hazigombani. Mwanamke anayeambiwa kwamba ana uvimbe katika kizazi anaelewa vema kwamba ni kitu kilichoota, na wengi wanajua kwamba aghalabu si saratani. Kwa hiyo kosa si la neno. Ni neno letu zuri, na lina haki ya kudumu katika elimu ya tiba. Kosa ni kulipa kazi tatu katika ukurasa mmoja bila kumwonya msomaji.

Tuyatazame mambo hayo matatu. La kwanza, yaani mikono na uso, si uvimbe hata kidogo kwa maana ya donge. Ngozi na nyama zimekuwa nene, na mifupa imepanuka. La pili ni donge lililoota katika tezi ya pituitari, ambalo wataalamu huliita adenoma. Hili ndilo chanzo cha ugonjwa kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100, nalo ndilo linalotoa homoni kupita kiasi. La tatu ni mambo yanayoweza kutokea mbali na kichwa, baada ya mwili kukaa miaka mingi katika wingi wa homoni: vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana, ambavyo baadhi yake huweza kugeuka saratani, na vinundu katika tezi ya shingo.

Mambo ya pili na ya tatu yana uhusiano, lakini si kitu kimoja. Donge la kichwani halishuki tumboni. Kinachosafiri katika damu ni homoni, na ini nalo huongeza kile kikuzaji. Hivyo viwili ndivyo vinavyozihimiza chembe za utumbo. Kijitabu kilipoyaita yote mawili uvimbe, kiliunda sentensi isemayo kwamba uvimbe huleta uvimbe, na msomaji akajaza pengo kwa akili yake mwenyewe.

Yule mgonjwa alilijaza hivi. Alikuwa amepasuliwa kwa njia ya pua, na madaktari walimwambia kwamba uvimbe wote umetolewa. Basi akahitimisha kwamba, mama akiisha kuondoka, watoto hawawezi kuwapo. Alipoitwa kuchunguzwa utumbo mpana kwa mpira wenye kamera hakwenda, maana aliona uvimbe wake umekwisha. Kwa mujibu wa maneno aliyosoma, hoja yake ilikuwa barabara. Kwa mujibu wa maradhi yenyewe, alikuwa amekosea, kwa sababu kinyama kilichokwisha kuanza kuota hakitoki kwa kuwa tezi ya kichwani imepasuliwa. Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri uchunguzi huo ufanywe ugonjwa unapotambuliwa, na ule wa wataalamu wa matumbo wa Uingereza wa mwaka 2010 unashauri uanze mgonjwa akitimiza miaka 40. Uchunguzi huo una faida ya pekee, kwani kinyama chaweza kukatwa mara kinapoonekana, kabla hakijawa saratani. Neno moja lililolegea karibu limpotezee mtu nafasi hiyo.

Uvimbe "usio hatari"

Katika ukurasa wa nne kijitabu kinamtuliza mgonjwa kwa kusema kwamba uvimbe wa pituitari ni "uvimbe usio hatari". Mfasiri alikusudia kusema kwamba si saratani, na hilo ni kweli. Saratani halisi ya pituitari, inayosambaa hadi viungo vya mbali, ni nadra sana. Lakini maneno aliyotumia yanasema jambo jingine. Donge lisilo saratani laweza kukua likabana mishipa ya macho inayopishana juu yake, na mtu akapoteza uwezo wa kuona vitu vilivyo pembeni. Homoni linayotoa yaweza kupanua moyo, kupandisha shinikizo la damu na kuleta kisukari. Kwa muda mrefu maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yaliyokuwa sababu kubwa ya vifo vya wagonjwa wa akromegalia, na yalitokana na donge hilohilo "lisilo hatari".

Wengine wameandika uvimbe mwema. Jina hili halifai zaidi ya lile la kwanza. Hakuna mgonjwa atakayekubali kwamba kitu kinachomfumba macho ni chema. Wengine wangependa tufuate njia ya Kiarabu, ambako uvimbe wa namna moja huitwa hamidi na wa namna nyingine habithi. Ni kweli kwamba Kiarabu kimetupa neno saratani, lenye maana ya kaa wa baharini, sawasawa na Wagiriki na Warumi walivyouita ugonjwa huo kwa jina la mnyama huyo. Lakini neno habithi kwetu limekwisha kukaa katika tabia za watu. Tukisema uvimbe habithi, msikilizaji atasikia lawama, na katika jamii ambamo wagonjwa wa saratani bado wananong'onwa, lawama ndiyo kitu cha mwisho tunachotaka kuongeza.

Njia iliyo salama ni kukiita kitu kwa lile kinalofanya au kisilofanya. Napendekeza uvimbe usiosambaa na uvimbe unaosambaa. Jina la kwanza halimwahidi mgonjwa usalama. Linamwambia tu kwamba donge lake halitumi mbegu zake mahali pengine mwilini. Kisha sentensi inayofuata imweleze madhara ambayo donge hilo laweza kufanya pale lilipo.

Msomaji asidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake mpya wa uvimbe wa tezi, liliacha jina adenoma ya pituitari na kuweka mahali pake jina refu lenye neno uvimbe ndani yake, na namba inayoonyesha tabia ya donge ikabadilishwa kutoka ile ya kutosambaa kwenda ile ya saratani. Kabla ya hapo, mwaka 2019, chama cha kimataifa cha wataalamu wa pituitari kilikuwa kimetoa msimamo wa kupinga badiliko la jina hilo. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba wagonjwa wengi wataogofywa bure, hali madonge yao hayana dalili yoyote ya kusambaa. Ikiwa wataalamu wenye lugha zilizokwisha kujijengea istilahi kwa karne nyingi wanashindana juu ya neno moja, hatuna sababu ya kuona haya kulipima letu.

Hatari si kipimo

Tufikie sasa neno hatari. Neno hili sote tunalijua tangu utotoni, kwa kuwa limebandikwa kwenye nguzo za umeme pamoja na picha ya fuvu. Pale nguzoni linasema: ukigusa utakufa. Halisemi kwamba katika watu elfu wanaogusa, watu kadhaa watadhurika. Hatari ni kitu au hali inayodhuru, na ipo au haipo.

Lakini wataalamu wa tiba wanapozungumza juu ya saratani kwa mgonjwa wa akromegalia, aghalabu hawataji hatari kwa maana hiyo. Wanataja kipimo: katika kundi la watu wa namna fulani, ni wangapi wanaotazamiwa kupata ugonjwa katika muda fulani. Mfasiri anapoandika kwamba mgonjwa "yumo katika hatari ya saratani", amekibadilisha kipimo kuwa hukumu. Wako watakaoingiwa na woga wakakimbia hospitali, na wako watakaokata tamaa wakasema kwamba liandikwalo halifutiki. Wote wawili watakuwa wamepotoshwa na neno.

Katika ofisi za serikali siku hizi limeenea neno vihatarishi, na wapo wanaolitumia kwa maana ya kipimo hiki. Mimi naliona kuwa neno zuri lililopewa kazi isiyo yake. Kihatarishi ni kile kinachohatarisha: sigara ni kihatarishi, na wingi wa homoni ni kihatarishi. Ile idadi inayoonyesha jinsi jambo linavyoweza kutokea si kihatarishi. Kwa idadi hiyo tunalo neno uwezekano, nalo latosha, mradi lifuatwe na kipimo: uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana ni watu wangapi kwa kila elfu. Atakayesema kwamba uwezekano hutumika hata kwa mambo ya heri, kama vile uwezekano wa kupata kazi, nitamjibu kwamba hilo ndilo linalotakiwa. Kipimo hakiogopeshi wala hakibembelezi.

Mara ngapi, na ya nini?

Kuna neno dogo ambalo limeleta madhara kuliko yote. Ni neno mara. Kijitabu kinasema kwamba uwezekano wa saratani ya utumbo mpana "huongezeka mara mbili na zaidi". Je, maana yake ni kwamba hufikia maradufu ya ule wa kawaida, au kwamba kwa ule wa kawaida huongezwa maradufu, jumla ikawa mara tatu? Kiswahili chetu cha kila siku hukubali maana zote mbili. Sokoni jambo hili halina neno, maana muuzaji na mnunuzi wataelewana kwa kuhesabu fedha. Katika maandishi ya tiba hakuna wa kuhesabu.

Tuone takwimu zenyewe. Mwaka 2018 wataalamu wa Denmark walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 529 wa akromegalia. Saratani zote zikijumlishwa, zilikuwa mara 1.1 ya zile zilizotazamiwa kwa watu wa kawaida, yaani karibu sawa. Walipokusanya pamoja chunguzi 23 za nchi mbalimbali, jumla ilikuwa mara 1.5, saratani ya utumbo mpana mara 2.6, na ile ya tezi ya shingo mara 9.2. Namba hii ya mwisho inataka tahadhari, kwa sababu wagonjwa wanaopimwa shingo kila mara hukutwa na mambo ambayo wengine huishi nayo bila kuyajua.

Sasa tufanye mfano wa hesabu tu, usiohusu nchi yoyote. Ikiwa katika watu 1,000 wa umri fulani 10 hupata ugonjwa, basi mara 2.6 ya hao ni watu 26. Msomaji aliyeelewa kwamba 2.6 imeongezwa juu ya ile ya kwanza atafikia watu 36. Na aliyesoma neno hatari peke yake atadhani ni wote elfu. Hakuna hata mmoja wa wasomaji hao aliyeambiwa jambo ambalo lingemfaa zaidi, yaani kwamba katika mfano huo watu 974 hawapati ugonjwa.

Mfano wa pili unatoka upande wa uhaba. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 watoto wenye uhaba wa homoni walitibiwa kwa homoni iliyotolewa katika tezi za maiti. Tiba hiyo iliachwa katika nchi nyingi mwaka 1985, ilipogunduliwa kwamba baadhi yao waliambukizwa kwayo ugonjwa wa ubongo usio na dawa, na homoni iliyotengenezwa maabara ikachukua nafasi yake. Mwaka 2002 ulitangazwa uchunguzi wa watu 1,848 waliotibiwa kwa homoni ile ya zamani nchini Uingereza. Vifo vya saratani ya utumbo mpana vilikuwa mara 10.8 ya vilivyotazamiwa. Mtu akiisoma sentensi hiyo ikiwa peke yake atatetemeka. Lakini idadi ya waliokufa kwa saratani hiyo ilikuwa watu wawili, na wachunguzi wenyewe walionyesha kwamba namba ya kweli yaweza kuwa popote kati ya mara 1.3 na mara 38.8. Mwaka 2017 uchunguzi mkubwa wa nchi nane za Ulaya, wenye watu 23,984 waliotibiwa utotoni, haukuona ongezeko la jumla la saratani kwa wale ambao kasoro yao ilikuwa ya kimo tu. Mfasiri atakayeifasiri ile mara 10.8 na kuwaacha wale watu wawili atakuwa amefasiri kila neno na kupotosha habari nzima.

Majibu kwa wapinzani

Najua yatakayosemwa. Kwanza itasemwa kwamba daktari atamweleza mgonjwa. Daktari ana dakika chache na foleni ndefu mlangoni, na kijitabu ndicho kinachokwenda nyumbani kusomwa na mke, mume na watoto. Pili itasemwa kwamba wananchi watalizoea neno lolote watakalopewa. Ni kweli watalizoea, lakini kwa njia yao. Tumewapa jina tezi dume kwa kiungo ambacho kila mwanamume anacho, na leo twasikia watu wakisema kwamba fulani "ana tezi dume", kana kwamba kiungo ndicho ugonjwa. Neno lisilowekewa mpaka na wenye kuliunda huwekewa mpaka na hofu. Tatu itasemwa kwamba ni afadhali kutumia maneno ya kigeni yaleyale, ili kuepuka utata. Lakini neno lisiloeleweka halina utata kwa sababu halina maana yoyote kwa msomaji. Na mgonjwa aliyenyamazishwa si mgonjwa aliyeelimishwa.

Mapendekezo

Kwa ajili ya wafasiri, walimu na watumishi wa idara zinazotoa maandishi kama haya, nayaweka mapendekezo yangu kwa ufupi:

(a) Kuvimba, kama kitenzi, kutumike kwa kujaa kwa kiungo kunakoweza kupungua. Kwa mikono na uso wa mgonjwa wa akromegalia tuseme kupanuka na kunenepa.

(b) Uvimbe kutumike kwa donge tu, na kila mara kutajwe mahali pake: uvimbe wa pituitari, uvimbe wa kizazi.

(c) Kinyama kutumike kwa kile kinachoota katika ukuta wa utumbo au pua, na kinundu kwa kile cha tezi ya shingo. Maneno haya watu wanayo tayari. Hakuna haja ya kuyaunda.

(d) Saratani kutumike pale tu ilipo saratani, na uvimbe usiosambaa uchukue nafasi ya "uvimbe usio hatari".

(e) Uwezekano uwe jina la kipimo, kihatarishi kiwe jina la chanzo, na hatari ibaki kuwa jina la dhara lenyewe.

(f) Pasiandikwe kwamba jambo "huongezeka mara" kadhaa. Iandikwe kwamba ni mara kadhaa ya kiwango cha kawaida, na idadi ya watu itajwe kando yake.

Kwa kufuata mapendekezo hayo, ule ukurasa wa tatu ungeweza kusomeka hivi: Ugonjwa wako umetokana na uvimbe usiosambaa ulio katika tezi ya pituitari. Uvimbe huo hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, na kwa sababu hiyo mikono na uso wako vimepanuka. Homoni hiyo ikikaa mwilini kwa wingi miaka mingi, yaweza kuotesha vinyama katika utumbo mpana. Vinyama hivyo si sehemu ya uvimbe wa kichwani, wala haviondoki uvimbe huo ukiondolewa. Vingi havidhuru, vichache huweza kugeuka saratani. Kwa hiyo ni lazima utumbo wako uchunguzwe, hata kama umekwisha kupasuliwa ukapona.

Aya hiyo haina neno hata moja jipya ambalo mtu aliyemaliza shule ya msingi hatalielewa, isipokuwa pituitari na homoni, na hayo kijitabu kiliyaeleza vizuri katika ukurasa wa kwanza. Nilimpa mwalimu aya hiyo akamsomee kaka yake. Alirudi baada ya siku chache akasema kwamba ndugu yake amekwenda kuomba tarehe nyingine ya uchunguzi.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa wale wanaofanya kazi wodini na kusikia jinsi wagonjwa wenyewe wanavyoyataja maradhi yao, wanaombwa wayaandike na kuyaleta ili yapimwe pamoja na haya kabla ya kupendekezwa yasanifiwe.